Aliyepaza Sauti Anafagia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na Mama Pacha ameungua. Nina hasira, kwa hiyo daftari hili litanivumilia.

Mama Pacha ndiye mpiga pasi wetu. Alikuwa ameinama kuokota kola zilizodondoka chini ya meza yake, bomba la pasi ya mvuke likaanza kuachia nyuma ya mgongo wake. Mpwa wa Mama Mkasi, anayekata naye vitambaa, aliliona. Akapiga ukelele, tena mkubwa, lakini kwa Kimlimani, lugha ya kwao. Mama Pacha hajui hata neno moja la Kimlimani. Alidhani wanaitana wenyewe kwa wenyewe kama kawaida yao. Akanyanyuka taratibu, mvuke ukamkamata mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole.

Nimekaa naye hospitali mpaka jioni. Hakulia. Aliuma upindo wa mtandio wake, akaniuliza nani atawachukua watoto shuleni.

Mimi ndiye msimamizi wa karakana hii ya ushonaji, mali yetu sote. Wenzangu walinichagua wenyewe, sikujipachika. Kesho naweka sheria, anune atakayenuna.

Jumanne, 5 Machi

Nimebandika karatasi mlangoni: NDANI YA KARAKANA TUONGEE LUGHA YA WOTE TU.

Kasuku, fundi wetu wa vifungo, ambaye mdomo wake haujui likizo, ameisoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mama Mkasi ameisoma kimya. Akavaa miwani, akaisoma tena, akaenda mezani kwake. Huyo mama akipiga kelele usiogope. Akinyamaza, jiandae.

Ndiye mkataji wetu mkuu, na ndiye aliyenifundisha kazi nilipokuja hapa sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Karibu nusu ya mafundi wetu ni watu wa mlimani, na wote wanamtazama yeye kabla ya kusema ndiyo au hapana.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ile karatasi umemwandikia nani?"

"Nimewaandikia wote."

"Wote gani? Wewe imekukataza nini?"

Hapo nikawaka. Nikamwambia aende akamwulize Mama Pacha na mkono wake. Nikamwambia kazini hatukuja kucheza ukabila. Cherehani zote zikanyamaza, mafundi wakainua vichwa. Mama Mkasi hakupandisha hata pumzi.

"Hatuwezi kubishana hivi mbele ya watu, si kuku sisi," akasema. "Tukae."

Tumekubaliana hivi. Kila Alhamisi, kazi ikiisha, tutakaa wawili kwenye meza ya kukatia na birika moja la chai. Mmoja akisema, mwingine hamkatizi mpaka asikie "nimemaliza". Na atakayepaza sauti atafagia karakana nzima, mabaki yote ya vitambaa, mpaka chini ya cherehani. Sharti hilo la mwisho ni la kwake. Nilicheka, nikakubali upesi.

Nimefagia leo leo.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Uzi mweupe umeisha. Mama Pacha bado yuko nyumbani na mkono wake umefungwa.

Alhamisi, 14 Machi

Tumerushiana methali mpaka chai ikapoa. Yeye: mkataa kwao ni mtumwa. Mimi: umoja ni nguvu. Yeye: umoja wa nani na nani, kama mmoja amefungwa mdomo? Mimi nikasema watu wakianza kujihesabu kwa makabila mwisho wake siku zote ni mbaya, na nikalisema hilo "siku zote" kwa sauti iliyomfikia muuza magazeti nje.

Nimefagia.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefagia tena. Kasuku ameniletea ufagio wenye mpini mrefu, eti mgongo wa msimamizi ni mali ya karakana.

Jumanne, 26 Machi

Wakataji hawasemi tena. Si Kimlimani, si lugha ya wote. Mama Mkasi na mpwa wake wanatandika kitambaa kutoka asubuhi mpaka mchana hawajafungua mdomo. Mimi nasema heri kimya kuliko kelele asizozielewa mwenzako.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimejikaza. Nimekunywa chai nikasikiliza mpaka mwisho, ingawa ulimi uliniwasha.

Alisema: "Wewe lugha ya wote ndiyo uliyonyonya kwa mama yako. Ulipobandika ile karatasi hukupoteza hata neno moja. Mimi nimepoteza yote niliyokuwa nikisema kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sheria isiyokugharimu kitu ni nyepesi kuandika, mwanangu. Nina mjukuu hapa mjini. Nikimsalimia kwa lugha yetu ananicheka, anadhani bibi anaimba. Nyumbani nimekwisha kushindwa. Pamebaki hapa tu, na mpwa wangu, na hii meza. Nimemaliza."

 Nikamwambia tu: "Na Mama Pacha? Angesikia, angeruka."  Tukakaa tukisikiliza mvua kwenye mabati. Hakuna aliyepaza sauti, kwa hiyo hakuna aliyefagia, na tumeondoka vitambaa vimezagaa kila mahali.

Jumatano, 3 Aprili

Balaa.

Tuna oda ya mashati ya shule. Kitambaa chake kina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukikitandika, tabaka moja uso juu, linalofuata uso chini, ndipo ukikata mikono ya shati upate wa kulia na wa kushoto. Ni kazi ya watu wawili, mmoja kila upande wa meza, na siku zote Mama Mkasi na mpwa wake wameitana: uso, mgongo, uso, mgongo. Waliitana kwa Kimlimani. Sisi wengine tulikuwa tumezoea kuwasikia, kama unavyozoea saa ya ukutani.

Tangu nibandike karatasi hawaitani. Kila mmoja akadhani mwenzake anajua. Wametandika jora zima uso juu, tabaka zote, wakakata. Mikono yote ya mashati ni ya kushoto.

Niligundua mimi, nikiwa nimeshika mikono miwili nikijaribu kuipatanisha. Nikatembea mpaka mezani kwake nikaitupa mbele yake. "Umefanya makusudi!"

Karakana nzima ikasikia.

Mama Mkasi akashika mkono mmoja, akaugeuza, akashika wa pili. Akakaa kwenye kiti, na huyo mama hakai akiwa kazini. Akavua miwani. "Tangu nianze kazi hii," akasema, "sijaharibu kitambaa cha mtu kwa makusudi. Hata cha mtu aliyenikosea." Akachukua mwavuli wake akatoka. Mpwa wake akamfuata analia.

Kasuku akasema labda tutafute shule ya watoto wenye mikono miwili ya kushoto. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe hakucheka.

Nimerudi nyumbani sijala. Najua hakufanya makusudi. Nilijua hata wakati nalitamka lile neno, nikalitamka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilidhani hatakuja. Amekuja, amelowa mpaka magoti, birika mkononi.

Nilimwomba radhi kabla hajakaa. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema "nimekusamehe".

Kisha tukaanza, maana ni Alhamisi. Akasema: ungetuacha tuongee, mashati yangekuwa mazima. Nikasema: mngeweza kuitana kwa lugha ya wote, mdomo mnao, nani aliwakataza kusema uso na mgongo? Ile mikono ya kushoto ikawa shahidi wa kila upande. Tuliivuta huku na huku mpaka akaweka kikombe chini ghafla.

"Ni kweli," akasema. "Tulinyamaza kwa kiburi. Nilitaka uone kimya chako kinafananaje."

Nami nikasema lililonikaa rohoni: "Nilikiona, mama. Nikakifurahia. Nilidhani ni utii."

 Nilitegemea atabasamu. Badala yake akaniambia kwamba asubuhi, kabla ya kazi, yeye na wenzake wa mlimani wamekubaliana kupeleka hoja kwenye mkutano wa Mei: tugawane karakana. Cherehani nusu kwa nusu, nao wafungue yao ng'ambo ya barabara.

"Sikufichi," akasema. "Nimeona nikuambie mwenyewe, usiisikie kwa Kasuku."

Ningefurahi kama angenipigia kelele. Karakana hii ndicho kitu pekee nilichowahi kukijenga na watu wengine kikasimama. Haigawanywi. Nitapambana mpaka tone la mwisho, lakini nitapambana nimekaa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwenye duka la vitambaa ametupatia jora lingine. Tunakata upya, watu wote, hata Kasuku. Wakataji wanaitana kwa Kimlimani chini ya karatasi yangu, kwa sauti ya kawaida. Nimepita, nimesikia, sikusema kitu.

Alhamisi, 11 Aprili

Chai. Yeye na sababu zake, mimi na zangu. Leo aliyepaza sauti ni yeye! Nilipomwambia mjukuu wake angeipenda lugha kama asingelazimishwa, aligonga meza. Amefagia ananung'unika na mimi nimekaa juu ya meza ninampungia miguu. Amenirushia kitambaa usoni.

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kumtembelea mama. Nikamweleza yote nikijua ataniunga mkono, maana ni yeye aliyenilea nijiite mtu tu, nisiwe wa kabila lolote. Marehemu baba alifukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwa sababu ya jina la ukoo wake. Majirani waliokuja kumfukuza walikuwa wakisemezana kwa lugha yao. Mimi nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya pipa la maji. Sikuelewa maneno, nilielewa wanacheka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba yako hakufukuzwa na lugha," akasema. "Alifukuzwa na watu. Na yule aliyetuficha siku mbili kwake naye alikuwa wa lugha hiyo hiyo. Wewe hukumbuki. Ulilala karibu siku zote mbili."

Nimeudhika naye njia nzima ya kurudi. Watu wazima wengine wana tabia ya kukuambia jambo la maana ukiwa umebakiza siku chache za kulifikiria.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Mama Mkasi habari za baba. Miaka yote hii hakuwahi kujua. Alidhani mimi ni mmoja wa wale watoto wa mjini wanaoona lugha za wenzao ni ushamba.

Nilimwambia hivi: "Nikisikia watu wamekusanyika wanasema nisichokielewa, halafu wakacheka, mwili wangu unarudi nyuma ya lile pipa. Najua ninyi mnacheka mambo yenu. Najua. Lakini moyo hauulizi kichwa. Ndiyo maana nasema tuwe watu tu, tusiwe wa mlimani wala wa bondeni. Nimemaliza."

Alininyooshea mkono juu ya meza, akanishika. Alikuwa anatokwa machozi. Nikadhani sasa ameelewa, hoja ataiondoa.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Lakini waliomfukuza baba yako walimwambia jina lake halitakiwi. Wewe unataka kuniponya mimi kwa dawa ileile?"

Nilisimama. Nilizunguka meza mara mbili nisije nikapaza sauti. Nikamwambia si sawa, baba alinyang'anywa nyumba, yeye amebandikiwa karatasi. Akasema ni kweli, si sawa, na akaomba radhi kwa kulinganisha. Lakini hakuiondoa hoja. Nami sikuondoa msimamo. Tuliosha vikombe pamoja.

Sijui kama nampenda zaidi au namchukia zaidi kuliko mwezi uliopita. Nadhani nampenda zaidi. Inanichosha.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama Pacha amerudi! Mkono umepona, umebaki na baka. Alisimama mlangoni akisoma karatasi yangu mpaka nikamsogelea kumweleza kwamba ni kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu," akasema. "Nani aliniuliza?"

Nikamung'unya maneno. Akamwita na Mama Mkasi, tukasimama mbele yake kama watoto waliovunja dirisha.

"Nyumbani kila mtu anakuja kunihadithia mnavyogombana kwa jina langu. Wewe unataka watu wanyamaze, wewe unataka watu wahame. Mimi nimeungua mkono. Ninachotaka ni mtu akiona hatari aseme neno ninalolijua. Moja tu! Hayo mengine ongeeni Kimlimani, ongeeni Kichina, mimi napiga pasi."

Akaenda kwenye meza yake. Mama Mkasi akanitazama, nikamtazama. Ilikuwa aibu, na nilitamani kucheka.

Nimebandua karatasi. Nimebandika nyingine: HATARI IKITOKEA, PIGA KELELE KWA LUGHA YA WOTE. Kasuku amesema sasa imekuwa fupi, hana raha ya kuisoma.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilimwambia: "Karatasi nimeitoa. Ondoa hoja."

Akakataa. "Umeitoa kwa sababu una moyo mzuri. Kesho atachaguliwa asiye na moyo, ataibandika tena. Nimechoka kukaa mahali ninapohitaji moyo mzuri wa mtu ndipo niseme lugha ya mama yangu."

Nikamwambia atakuwa amewafunza watoto wetu kwamba wakitofautiana dawa ni ukuta katikati. Na mjukuu wake? Huyo, mama yake ni wa mlimani, baba yake wa bondeni. Atakaa ng'ambo ipi ya barabara?

 "Hilo," akasema, "linaninyima usingizi." Akamimina chai. Hakubadili kitu.

Jumatano, 1 Mei

Mvua imepungua. Watu wananong'ona kwenye kona, wanahesabu kura kwa vidole. Nimewaambia watu wa upande wangu sitaki kusikia nani ameahidi nini.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika upesi kabla sijaanza kusahau nani alisema nini.

Tulikutana asubuhi, cherehani zimesukumwa ukutani. Mama Mkasi akasimama kuieleza hoja yake. Alikuwa amefika pale anaposema mtu huchoka kuomba ruhusa, ndipo Kasuku akadakia kutoka nyuma:

"Hawa wa mlimani ndivyo walivyo! Ukimkaribisha barazani, kesho anadai ufunguo wa chumbani!"

Upande wangu ukaangua kicheko. Nikawaona wawili watatu waliokuwa wakisitasita wamecheka nao, na papo hapo nikajua nimeshinda. Ningekaa tu. Nisingesema hata neno, ningeshinda.

Mama Mkasi akaacha kusema. Akavua miwani, akakaa.

Mimi nilikisikia kile kicheko nikiwa nyuma ya pipa.

Nikasimama. "Kasuku, mwombe radhi."

"Ah, msimamizi, nilikuwa natania."

"Kwenye utani hucheka wawili. Huyu hajacheka. Mwombe radhi au utoke nje, na ukitoka utoke na kura yako, ambayo ni ya kwangu, najua. Ushindi wa kumtukana mama huyu siutaki."

Kasuku akaangalia viatu vyake. Akaomba radhi, na nadhani alimaanisha, maana aliomba kwa sauti ndogo.

Nikamwomba Mama Mkasi aendelee. Akatikisa kichwa. Nikafanya nilichokuwa sijakipanga. Nikasema: "Basi nitasema mimi kwa niaba yake. Nikikosea anisahihishe." Nikaieleza hoja yake. Nikaeleza sheria isiyomgharimu mwandishi wake, na bibi anayechekwa na mjukuu, na mtu anayehitaji moyo mzuri wa mwingine ndipo aseme lugha ya mama yake. Nilieleza vizuri, jamani. Alhamisi zote zile, kumbe nilikuwa ninajifunza. Alinikatiza mara moja tu, niliposema ana uchungu na sisi.

"Sina uchungu," akasema. "Nimechoka. Ni vitu viwili."

Nikasahihisha. Kisha nikasema: "Hiyo ndiyo hoja yake, na ni nzito. Mimi naikataa." Nikatoa sababu zangu, na za baba, mbele ya watu wote, mara ya kwanza maishani.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mama Mkasi alinyoosha wa kwake juu kabisa, wa kugawana. Hoja ikaanguka, lakini kwa mikono michache. Wangekuwa wengi zaidi upande wangu kama ningeacha watu wacheke.

Hakuna aliyeshangilia. Kila mtu alijua kura haimfungi mtu kwenye kiti. Mama Mkasi akitoka, wa mlimani wote watatoka, na kura yetu itabaki na cherehani zisizo na watu. Akainuka. Wakainuka nyuma yake. Akachukua mkasi wake mkubwa, akaufunika kwa kitambaa, akaubana kwapani. 

"Nimeshindwa," akasema, "lakini sijabadili mawazo. Msimamizi wenu amekosea, na nitamwambia hivyo mpaka meno yanitoke."

"Na wewe umekosea," nikasema. "Tena sana."

"Jana nilikwenda kukitazama chumba cha ng'ambo. Kizuri. Kina madirisha makubwa. Nilikaa mle peke yangu nikafikiri: hapa wote watakubaliana nami, asubuhi mpaka jioni. Nikaona raha sana. Leo nimemsikia huyu akisema maneno yangu vizuri kuliko nilivyoyasema mimi, kisha akayakataa." Akanitazama. "Wa kunipinga namna hiyo, kule nitampata wapi?"

Akaurudisha mkasi mezani.

Wenzake wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakakaa.

Ilikuwa kazi yangu kuufunga mkutano.  Badala yake nilishika ukingo wa meza nikalia mbele ya watu wote walionichagua. Basi Mama Mkasi akaufunga yeye, kwa Kimlimani, kwa sauti ya juu, maneno mengi kidogo, na karakana nzima ilikaa kimya ikamsikiliza mpaka alipomaliza.